Visanduku Vilivyofia Mezani kwa Domitila

Siku ya kuniaga mlinipa soda, saa ya ukutani na dakika tano za kuzungumza. Soda nimekunywa, saa nimeitundika, lakini zile dakika hazikunitosha hata kusalimia. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Mnivumilie, vijana wangu wa karakana. Mtu aliyeshika bisibisi maisha yake yote akipewa kalamu haiachii upesi.

Nitaandika ya mwanzo tu: Kigali, tangu mwaka 1990 mpaka 1993, tulipohamia Bukoba kwa kazi ya mume wangu. Ya mwaka uliofuata sitayaandika. Sikuwapo, na waliokuwapo nimewasikiliza tangu niliporudi. Si mambo ya kuchanganya na hadithi za kompyuta. Nitasema moja, ili msome kwa amani: Domitila mtakayekutana naye humu yu hai, ana shamba lake Masaka, pembeni ya Kigali, na ameyasoma haya kabla yenu. Amenisahihisha mahali pawili na kunicheka mahali pengi.

Mimi ni Mhaya wa Bukoba. Ufundi wa redio nilijifunzia Mwanza, na Kigali nilifika kwa sababu mume wangu alikuwa karani wa kampuni ya malori. Tulipanga Nyamirambo, ambako Kiswahili unakisikia kila mlangoni, nikadhani mji wote uko hivyo. Ukishuka mjini unakuta Kinyarwanda na Kifaransa, na Kiswahili kinachosemwa kwa haraka, r na l zikibadilishana viti. Nilikizoea. Mpaka leo nikikasirika nasema "iko" kama mtu wa sokoni.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mushagalusha, mtu wa Bukavu, aliyetengeneza mashine za kupiga chapa ujana wake wote. Tulimwita Papa Musha. Mimi aliniita Mama Asimwe, kwa jina la mwanangu wa kwanza, tangu siku ile ile niliyoingia. Mezani kwake kulikuwa na kitu nilichodhani ni televisheni ndogo.

"Hii inashika stesheni gani?" nikamuuliza.

Akapapasa nyuma, akawasha. Kikatoa mlio mmoja mtamu, na katikati ya kioo kikatokea kisura kidogo kilichochorwa kwa mistari, kinatabasamu. Jamani! Niliruka.

"Kinacheka!"

"Kinacheka kama kiko muzima," akasema Papa Musha. "Siku ikikufa, utaona macho yake iko misalaba."

Nyinyi mmezaliwa mkakuta simu zinaongea, hamwezi kujua nilivyojisikia. Nilikuwa nimezoea redio, ambayo ukiifungua unakuta nyaya na vumbi na basi. Hapa nilikuta chombo kinachokuangalia usoni. Kompyuta nyingine za siku hizo zilikuwa familia nzima: sanduku huku, kioo kule, nyaya zimejaa katikati. Hii ilikuwa kitu kimoja. Kioo, ubongo, mdomo wa disketi, vyote ndani ya sanduku moja lenye shimo la kushikia juu. Unalinyanyua kwa mkono mmoja na kupanda nalo ngazi. Watu wa Kigali waliliita agasanduku, yaani kisanduku, na jina likatushika hata sisi.

Kukifungua ndiyo ilikuwa kazi. Skrubu mbili zilijificha ndani kabisa ya lile shimo la kushikia, zina vichwa vya nyota, na bisibisi ya kawaida haifiki. Waliokitengeneza hawakutaka mtu akifungue. "Bamefunga mulango, na bakaenda na ufunguo," alisema Papa Musha. Basi alikuwa amejitengenezea ufunguo wake: ufito mwembamba wa chuma, mrefu kama mkono wa mtoto, mchomeleaji wa mtaa wa Muhima kauunga na kichwa cha nyota. Hakumwazima mtu, hata tajiri mwenye duka.

Siku hiyo ya kwanza akaniambia nisogee nione ndani. Kabla sijagusa, akanizuia. Kioo kile kinashika umeme hata kikichomolewa ukutani, na umeme huo hauna rafiki. "Weka mukono moja mu mufuko. Ukiingiza mukono mbili, umeme itapita mu roho."

Nilikuwa nimevaa kitenge. Kitenge hakina mfuko.

"Basi rudi nyumbani, ushone mufuko."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikapanda kwa miguu mpaka Nyamirambo, nikashona mfuko kwenye kitenge, nikarudi jasho likinitoka, nikatia mkono wa kushoto mfukoni kama bwana shamba anayekagua kahawa. Ndipo akanionyesha. Kwa hiyo chombo cha kwanza nilichotumia katika kazi ya kompyuta kilikuwa sindano ya nguo.

Kisanduku hicho cha kwanza hakikuwa na feni. Kilikuwa kimya kabisa. Ukikiwasha usiku ungesikia panya wa jirani. Nilikipenda kwa hilo. Papa Musha aliamini kwamba huko kilikosanifiwa kuna bwana mmoja mkubwa anayechukia kelele, na kila fundi alimwogopa. Badala ya feni waliweka matundu membamba juu, hewa ya moto ipande yenyewe na kutoka. Ni akili nzuri, mradi juu pabaki wazi.

Sasa nije kwa Domitila. Alikuwa katibu wa mradi mmoja wa mbegu huko Kicukiro, msichana mrefu, msafi kupita kiasi, meza yake ungeweza kulia chakula. Wadogo zake wawili walikuwa wakisoma kwa kazi yake, kwa sababu wazazi hawakuwapo tena. Agasanduku kake kakafa. Tukakileta karakana, tukakuta lehemu ya bodi ya umeme imepasuka kwa joto. Tukaunganisha, kikacheka, tukakirudisha. Hakikumaliza msimu, kikafa tena, safari hii na kioo chake. Mkurugenzi akampa kingine cha aina ile ile kilichokuwa stoo. Nacho kikafa.

Hapo tulianza kukuna vichwa. Mhasibu aliyekaa chumba cha pili alikuwa na kisanduku pacha wa hicho, umeme ule ule, vumbi lile lile jekundu, na hakijawahi hata kukohoa. Tukaenda na Papa Musha kuangalia mahali penyewe. Tukapima soketi. Tukaangalia dirisha, jua halipigi. Kisanduku kilikuwa kimekaa peke yake katikati ya meza, kinang'aa.

"Mademoiselle," Papa Musha akamuuliza, "juu yake unaweka kitu? Kikombe? Maua? Makaratasi?"

"Hapana, Papa," akasema Domitila. "Kitu hapana. Siwezi kuweka kitu juu yake."

Alisema kweli, na sisi tukaandika "umeme mbaya", maneno ambayo fundi huyaandika akishindwa. Nyinyi siku hizi mnaandika "virusi".

Mwaka 1991 kikaja kisanduku kipya. Loo! Nakumbuka tulivyokata boksi, Papa Musha akininyang'anya kisu kwa haraka. Kwa nje ungesema ni ndugu yule yule, lakini uso ulikuwa umelainishwa, umepinda kidogo kifuani. Ndani kulikuwa na diski yake yenyewe, basi yule mtu wa kubadilisha disketi kila dakika, kama anayelisha mtoto, akapumzika. Na kilikuwa na feni! Nilikiwasha, kikavuma vuuu, Papa Musha akasimama pale akisikiliza kwa macho yaliyofumbwa.

"Yule bwana wa kimya amefukuzwa," akasema. "Ao amestaafu."

Mradi wa mbegu wakachukua vitatu: kimoja kwa mkurugenzi, kimoja kwa mhasibu, kimoja kwa Domitila. Nilimpelekea mwenyewe. Nilimwambia, "Dada, hiki kina mapafu. Hakifi." Alifurahi mpaka akakikumbatia. Na kweli kilikaa. Kilikaa mwaka na zaidi, nikasahau, nikajisifu kwa watu. Kisha mwishoni mwa 1992 simu ikalia. Kimekufa, macho misalaba.

Nilipofika kukichukua ndipo nilipoona jambo lililonichoma kuliko mashine yenyewe. Mnajua desturi ya Kigali: huingii ofisini bila kumpa mkono kila mtu aliyemo, hata uliyempa saa moja iliyopita. Mhasibu aliingia, akanipa mkono mimi, akampa mkono mlinzi aliyekuwa mlangoni, alipofika kwa Domitila akakunja vidole na kumwelekezea kifundo cha mkono, vile mtu anavyofanya akiwa na viganja vichafu. Viganja vyake vilikuwa safi. Alicheka, na mlinzi akacheka.

"Wanafanya hivyo wote," Domitila aliniambia alipofuatana nami langoni. "Wanasema mimi niko na mukono ya moto. Eti nikigusa kitu, kinakufa. Mwanzo ilikuwa mchezo. Sasa mama wa jikoni hataki nishike termosi ya chai."

"Upuuzi!" nikasema.

"Upuuzi, lakini Mkurugenzi naye amesikia. Amesema mashine tatu inatosha. Ile mashine mpya ya rangi ikifika, ataleta katibu mpya pia. Mama Asimwe, mimi niende wapi? Wadogo wangu wanakula nini?"

Nilipanda gari na kisanduku mapajani, nimekasirika kiasi cha kuona giza. Nilijua hakuna mkono wa moto. Kuna sababu, na mimi fundi siioni. Niliwaza hivyo miezi yote hadi hiyo mpya ilipofika, na mgonjwa wetu bado yuko mezani, maana bodi ya kubadilisha ilikwama njiani.

Ikafika 1993. Enyi vijana, niacheni nishangilie kidogo, maana hiyo ndiyo mashine niliyoipenda kuliko zote. Kwanza, rangi! Kioo kidogo lakini rangi zenyewe zimeiva, nyekundu ni nyekundu. Pili, umbo. Ndugu zake wa kwanza walikuwa masanduku kweli, yenye kona na bapa la juu. Hii ilikuwa na paji la uso. Juu pamepinda na kuteremka kwa nyuma, chini imesimama kwenye viguu viwili vya mbele kana kwamba inainua shingo ikuone. Tatu, na hapa Papa Musha alikaa chini: nyuma palikuwa na kifuniko. Unakibana kwa vidole, kinatoka. Unavuta, na bodi yote ya akili inateleza nje kama droo ya kabati. Bila bisibisi. Bila kukaribia kioo.

Aliivuta, akairudisha. Akaivuta tena. Ufito wake wa Muhima ulikuwa pembeni mezani.

"Mama Asimwe, bametufungulia mulango," akasema, na sikujua kama anacheka au analia. Kisha akacheka sana. "Watoto wenye batakuja nyuma yetu, hata mufuko hawatashona!"

Tukaipeleka mradi wa mbegu, tukawarudishia na yule mgonjwa, ambaye mkurugenzi alitaka arudi hata akiwa maiti, aingizwe kwenye hesabu za stoo. Ile ya rangi ilikuwa ya mkurugenzi mwenyewe. Sikuwahi kuingia ofisi yake kabla ya siku hiyo. Mashine yake haikuugua hata mara moja, na fundi haitwi kwa mzima. Ilikuwa pale mezani, ile ya 1991, imevishwa kitambaa cheupe cha kufuma, maua yake yanakaribia kioo. Sikushtuka. Kigali kila kitu chenye heshima huvishwa: redio, friji, mgongo wa kiti. Hata redio yangu Nyamirambo ilikuwa nacho.

Wafanyakazi wakaingia kuona rangi. Nikawasha. Picha ya maua ikajaa kioo, mhasibu akapiga yowe, mkurugenzi akajifanya amezoea. Domitila aliingia wa mwisho. Kila mtu alijua ni wiki yake ya kuondoka, kwa hiyo hakuna aliyemtazama.

Mkononi alikuwa na kitambaa kimekunjwa, kimepigwa pasi. "Mashine mpya haikai uchi," akasema. "Hii ilikuwa ya mashine yangu. Nimeiosha vizuri."

Akakitandaza juu ya mashine. Kikateleza. Akakirudisha, kikateleza tena kwenye ule mgongo uliopinda, kikaanguka sakafuni, watu wakacheka. Mimi ndiye niliyeinama kukiokota. Na nilipokishika kwenye mwanga wa dirisha nikaona katikati yake mistari ya kahawia, myembamba, sambamba, ambayo sabuni haikuitoa.

Nilikwenda kwa yule mgonjwa tuliyemwacha pale mlangoni, nikakitandaza juu yake. Mstari kwa mstari, tundu kwa tundu, vikalaliana.

"Domitila!" nikapaza sauti. "Ulikuwa unakivisha hiki kikiwa kinafanya kazi?"

"Ndiyo. Siku yote. Kwa sababu ya vumbi."

"Mbona hatukukiona hata siku moja?"

"Munakuja kupima mgonjwa," akasema, akinishangaa. "Mgonjwa navua nguo."

"Lakini Papa alikuuliza kama unaweka kitu juu!"

"Aliuliza kitu. Hii si kitu. Hii ni nguo yake."

Mungu wangu, nilicheka peke yangu kwa furaha! Miaka mitatu! Vile viwili vya kwanza vilikuwa vinavuta pumzi kwa juu tu, naye amevifunika pua. Cha tatu kilikuwa na feni, feni ikapambana ilivyoweza, hewa haina pa kutokea, nacho kikafa, ila kwa kuchelewa. Nikayaeleza yote hayo kwa sauti mbele ya watu, mikono ikiruka, nikiamini nimemwokoa.

"Kumbe," akasema mkurugenzi taratibu, "ni yeye aliyeziua."

Domitila alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilikuwa nimemtoa uchawi nikampa hatia, na hatia huandikiwa barua ya kufukuzwa kwa urahisi zaidi.

Papa Musha hakuwa mtu wa maneno mengi mbele ya wakubwa. Alikohoa. "Bwana Mkurugenzi, samahani. Na ile ya kwako?" Akaonyesha kwa kidevu ile mashine iliyovaa.

"Ya kwangu imevaa tangu 1991, na haijafa."

Papa Musha akakinyanyua kile kitambaa kwa ncha za vidole, akakiinua kwenye mwanga. Cheupe pee. Hakina hata alama.

Hapo ningepaswa kunyamaza, lakini mdomo wangu ulishakimbia. "Haikufa kwa sababu haiwashwi," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mhasibu alitazama viatu vyake. Nilimwona akilini tajiri wetu akinifukuza, nikamwona mume wangu akiniuliza kwa nini. Mkurugenzi alifungua mdomo, na aliyemtangulia ni Domitila. Hakupaza sauti.

"Bwana Mkurugenzi, hiyo nguo ni mimi nilifuma. Ulikuja mezani kwangu, ukaona ya yangu, ukasema ni nzuri, Domitila, fuma na ya yangu. Nilifuma. Kama nguo ni kosa, ulinituma kosa."

Mkurugenzi mwingine angemfukuza pale pale, nasema kweli, nimewaona wakubwa wa namna hiyo. Yeye alikichukua kitambaa mkononi kwa Papa Musha, akakikunja mwenyewe, vibaya, kama wanaume wanavyokunja.

"Mashine hii ibebwe," akasema, akionyesha ile yake ya 1991, "iwekwe mezani kwa Domitila. Na asiivishe nguo."

"Na katibu mpya?" akauliza mhasibu.

"Katibu mpya wa nini?"

Kisha akanyoosha mkono wake kwa Domitila. Kiganja wazi, vidole vimenyooka, mbele ya wote. Domitila hakuupokea. Aliuacha hewani, akautazama, machozi yakimteremka, akamgeukia mhasibu.

"Wewe kwanza," akasema.

Mhasibu alijifuta kiganja kwenye suruali, ingawa kilikuwa safi, akaja, akampa. Mlinzi akafuata, kisha mama wa jikoni, aliyekuwa amesimama mlangoni na termosi kwapani. Domitila aliwashika mmoja mmoja, akibana kweli, mpaka mama wa jikoni akasema "Ayi!" Mkurugenzi alisubiri zamu yake, mkono bado umenyooka.